Eeddo, Nimechukua Leseni ya Chini

Eeddo Sahra,

Nimeshuka. Nalisema mapema nisije nikazunguka hadi karatasi iishe. Digrii yangu ya uuguzi iko ndani ya bahasha juu ya kabati la Aabo, kaka yako, lakini leseni ninayofanyia kazi sasa ni ya ngazi ya cheti, kama ile uliyokuwa nayo wewe maisha yako yote pale zahanati ya Modogashe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyotumia tukiwa kazini. Nyumbani ulikuwa Eeddo, shangazi yangu, kwa Kisomali. Mbele ya mgonjwa ulikuwa sista, nami msichana wa likizo niliyekushikia trei. "Bole, mama, bole," ulimwambia yule mke wa dereva wa lori kutoka bara, naye akacheka huku uchungu umembana. Nimeikumbuka sana hiyo "pole" yako ya Kisomali, isiyo na p, siku hizi.

Tangu tukuzike hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo lililonichosha. Niliomba kazi hapa Garissa, nikaomba Wajir, nikaomba Mandera mpaka Banissa. Jibu lilikuwa moja: wauguzi wa digrii hatuna nafasi yao, tunatafuta wa cheti. Mwaka wa tatu ukanikuta nyumbani nikiwapima majirani presha. Siku moja mama mmoja akaniuliza, "Lakini kweli ulimaliza masomo?" Hakuuliza kwa ubaya. Nilimaliza kumpima, nikaingia ndani, nikalala mchana kutwa.

Kuna kliniki ndogo karibu na soko la mifugo. Mwenyewe ni mama mtu mzima, Hajia. Alizisoma karatasi zangu akanirudishia. "Binti yangu, wewe ni mkubwa kwa kliniki hii. Lete leseni ya cheti, uanze hata kesho." Nikaenda kuiomba. Afisa aliyepokea fomu aliniuliza mara mbili, "Dada, watu huja hapa kupanda. Una hakika?" Nikasema nina hakika. Sikuwa nayo.

Nilipomweleza Aabo hakugomba. Aliweka kikombe cha chai chini. "Dada yangu angekuwa hai, ungemwambia?"

Juma lako la mwisho wodini, figo zimeshachoka, ulinishika kifundo cha mkono ukasema, "Wasikushushe, Nasteho. Hata wakikubembeleza." Nikasema inshallah, vile tunavyowaambia wagonjwa. Nilidhani unakionea aibu cheti chako. Nisamehe. Niliamini hivyo hadi juma la tatu la kazi.

Siku hiyo aliletwa mtoto wa kike kutoka upande wa Liboi, ana homa, anapumua kwa shida. Daktari wetu wa zamu alikuwa na foleni hadi barabarani. Alimtazama mtoto, akakisia uzito kwa umri, akaandika sindano. Mimi nilimpakata mtoto, na mikono yangu ikakataa. Alikuwa mwepesi mno. Nikampima kwenye mizani: kilo saba. Dozi iliyoandikwa ilikuwa ya mtoto wa kilo kumi na mbili.

Nikarudi kwa daktari nikamwambia. Hakuinua macho. "Wewe ni wa cheti. Choma ulichoandikiwa."

Eeddo, nilisimama pale. Dozi sahihi niliijua kwa kichwa. Nilitaka kumwambia nina digrii, nikakumbuka kwamba hapo sina. Mama wa mtoto alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, hajui Kiswahili, anajua tu kwamba tumesimama. Nikasema, "Daktari, mizani iko pale. Njoo umpime mwenyewe, kisha nitachoma utakachoandika." Kisha akainuka, akampima, akakata ile dozi akaandika nyingine. Nikachoma. Siku ya tatu mtoto alikuwa ananyonya vizuri, wakarudi kwao.

Hakuna aliyenishukuru na sikungoja. Nilikwenda nyuma kunawa mikono, nikanawa muda mrefu, na ndipo nikakuona wewe pale Modogashe, umetoka chumba cha daktari, unanawa mikono ambayo haijashika mgonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuuliza una nini, ukasema, "Ni hili jua kali tu." Ni mara ngapi uliambiwa uchome ulichoandikiwa? Ni mara ngapi ulikuwa unajua? Cheti hukukionea aibu. Ulichoka kubishana ili usikilizwe, ukataka mimi nisichoke hivyo.

Nimechoka, Eeddo. Siwezi kukudanganya. Miguu inavimba, na daktari bado ananiita "wewe". Lakini juzi alinijia na karatasi mkononi akaniuliza, "Huyu umempima?" Nikasema nimempima. Akaandika.

Kwa heri, shangazi yangu. Mola akulaze pema, akupe huko usikivu ulionyimwa hapa. Maombi ya kazi ya digrii bado nayatuma kila nafasi inapotangazwa, na nitaendelea kuyatuma. Na popote nitakapokuwa, kwa leseni yoyote, sitamchoma mtoto dawa ninayojua si yake. Hilo nakuahidi, na safari hii silisemi kama kwa mgonjwa.

Mtoto wa kaka yako,
Nasteho