Kabla Hujampa Rais Alama

Mjukuu wangu Neema,

Huku Buffalo tunakusalimu. Babu yako hajaacha kukohoa. Umeniuliza, kwa kazi yako ya shule huko Louisville, ni rais gani wa Amerika ambaye historia itamsifu.

Nilipokuwa mwandishi wa gazeti kijana kule Uvira, Kongo, niliwauliza watu sokoni kuhusu rais wetu. Wote walimsifu, ila Mama Furaha, muuza dagaa: "Askari wake walimchukua mwanangu." Niliogopa, sikuyaandika maneno yake. Rais alipoanguka nilirudi sokoni. Waliomsifu sasa walimtukana. Mama Furaha alinicheka: "Bon, haya, binti, leo kalamu yako ina wino?"

Shangazi yako bado yuko kambini, tangu rais mmoja wa huku azuie wakimbizi kuingia. Mpigie simu kabla hujampa yeyote alama.

Bibi yako