Tundu Dogo Kama la Sindano

Nakivale

Shemeji Ladislas,

Huku mvua imenyesha na maharage yameota vizuri. Binti yetu Élyse amepata komunyo ya kwanza. Sikukualika, na nilifanya makusudi.

Nimesikia unawaambia watu kwamba mdogo wako Damascène aliumia kwa uzembe wake. Basi nisikilize. Siku ile mlipokuwa mnapaka rangi ghorofa huko Mbarara, mdomo wa mashine ya kupulizia uliziba. Kile kizuizi cha kulinda vidole ulikuwa umekitoa mwenyewe, ati kinachelewesha kazi. Alipokuomba uzime mashine na utoe presha kwanza, ulimjibu, "Zibua tu, au wewe ni mwanamke?" Akazibua. Rangi ikamtoboa kidole, ikaingia ndani ya nyama.

Tundu lilikuwa dogo kama la sindano, hata damu haikutoka. Ukamwambia, "Pangusa, endelea." Akaendelea mpaka jioni. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Daktari akaniuliza mbele ya watu, "Kwa nini hamkumleta saa ile ile? Rangi hii inaozesha nyama kutoka ndani." Jibu lilikuwa wewe.

Wameukata mkono wa kulia.

Damascène amekusamehe, ndivyo alivyo. Ukija, atakusalimia kwa mkono wa kushoto, maana ndio aliobaki nao. Mimi ninayo yote miwili, na sitakupa hata mmoja.

Ni mimi,
Ancilla, mke wa Damascène