Binti Yangu Amewatia Ngamia wa Babu Yake Kwenye Grafu

Mpendwa Shangazi Sadiya, salaam aleikum. Mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi, nimecheka shida za wengine mpaka leo zamu imenifikia, naomba msaada na naomba haraka, kwa sababu nyumbani kwangu Kiwanjani hakuna amani na chanzo chake ni hesabu, tena hesabu ya shule. Tafadhali usinitaje jina. Andika tu Mama Abiba anayeuza maziwa ya ngamia pale sokoni, yule ambaye maziwa yake yanafika Nairobi bila kuharibika, wateja wangu watajua.

Mimi shule niliishia darasa la tano, sifichi, lakini Mungu alinipa Abiba, na Abiba ana akili ambayo sijui aliitoa wapi, baba yake, yaani mume wangu Jirma, anasema ni kwake, lakini Jirma mwenyewe simu ikimkwamia anamwita huyo huyo mtoto. Abiba yuko Gredi ya Sita. Zamani hesabu ilikuwa inamliza, wallahi, akifungua kitabu anaona ile grafu ya magari mekundu na magari ya buluu huko Nairobi, anafunga, anasema, "Mama, hii si yangu." Halafu akaja Mwalimu Gerishon, kijana mpole kutoka upande wa Meru, akakuta tableti za shule zimefungiwa kabatini kama nguo za Idd, akazitoa akawagawia. Akawaambia watoto nendeni nyumbani mkahesabu kitu chenu wenyewe, chochote, mlete tuchore. Shangazi, mtoto alibadilika! Akitoka shule ananiketisha juu ya jerikeni ananifundisha mimi, "Mama tazama, nguzo ndefu maana yake wengi, nguzo fupi maana yake wachache," na mimi nikaelewa, mpaka nikaanza kuona nguzo kila mahali, hata wanawake wenzangu sokoni niliwapanga kichwani kwa mauzo yao, na sitaki kusema nguzo ya nani ilikuwa ndefu.

Sasa watoto wengine wakahesabu vitu vya kawaida. Mtoto wa Mama Njeri wa duka akahesabu kreti za soda. Mtoto wa Elijah, yule askari wa kambini, akahesabu kuku. Wangu mimi akahesabu ngamia wa babu yake.

Wewe ni mtu wa huku, unajua. Lakini kwa wasomaji wasiojua, kwetu mifugo haihesabiwi. Huwezi kunyooshea ngamia kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, ni kama unaita jicho baya, na ni kama unajisifu mbele ya Mungu aliyekupa. Baba mkwe wangu, ambaye jina lake mimi kama mke wa mwanawe silitamki, ukimuuliza ana ngamia wangapi anatazama chini anasema, "Wachache tu, alhamdulillahi." Nimeolewa kwake miaka mingi, maziwa ya hao ngamia ndiyo nauza, na mimi pia nilikuwa najua tu ni wachache.

Abiba hii mila anaijua vizuri, ndiyo maana alitumia akili. Tulienda Burat siku ngamia wameletwa kunywa maji, akapanda ukuta wa birika na tableti yake akapiga picha kundi lote. Hakufungua mdomo. Hakunyoosha kidole. Kufika nyumbani akaweka alama nyekundu juu ya kila ngamia kwenye picha, na tableti ikajumlisha yenyewe. Nikamuuliza, "Abiba, umehesabu ngamia wa babu?" Akaniangalia na yale macho yake. "Mama, mimi sijahesabu. Ni tableti imehesabu." Nilicheka nikampa chai.

Siku ya wazazi ikafika. Mwalimu akawasha projekta, ukutani zikatokea nguzo za darasa zima. Kuku, kanguzo kadogo. Kreti, kanguzo kadogo. Halafu ya Abiba ikapanda, ikapanda, ikapita ubao, ikapita saa ya ukutani, ikakunjikia kwenye dari. Sitakuambia ni ngamia wangapi, mimi si mjinga, lakini jua tu kama si dari ingekuwa bado inaenda. Nikapiga vigelegele. Nikapanda benchi nikasema, "Huyo ni wangu! Nilimzaa mwenyewe!" Nikapiga picha, nikaandika chini yake NGAMIA WA BABU YAKE ABIBA MASHALLAH, nikaiweka status, nikaituma kwa grupu la wanawake wa maziwa, grupu la wazazi, grupu la harusi ya Anisa ambayo ilishaisha, na grupu la ukoo.

Grupu la ukoo, Shangazi.

Kesho yake, kabla hata chai haijachemka, huyo Dahir mlangoni kwa mzee. Dahir ni binamu yake, na hakuwa ameonekana tangu Idd. "Nimepita tu kusalimia." Akasalimia watu, akasalimia ndama, akakohoa. "Mzee, nimeona ile nguzo. Mimi ukame uliniachia fimbo tu. Niazime mmoja wa maziwa, watoto wanywe." Na kwetu ndugu akikuomba na unacho, huwezi kusema huna. Baba mkwe akatazama chini aseme wachache tu, na Dahir akatoa simu. Picha yangu! Na maandishi yangu, na Mashallah yangu!

Baada ya Dahir wakaja wengine kusalimia, hiyo wiki mzee alisalimiwa kuliko chifu. Juu ya hayo, dume moja likaanza kuchechemea, mzee akasema hilo ni jicho la ile mashine. Mwalimu Gerishon, maskini, akaenda mwenyewe kuomba msamaha. Mzee akamuuliza kwa upole, "Mwalimu, wewe mtu akikuuliza mali yako, unajibu?" Mwalimu akafikiri ni swali la darasani, akajibu haraka, "Ndiyo mzee, nina kuku kumi na mmoja na jogoo wawili." Baba mkwe akaziba masikio. "Astaghfirullah! Anasema tu hivi hivi, mchana!" Abiba akajaribu kusaidia, "Babu, sikuhesabu mimi, ni tableti." Mzee akamgeukia, "Na zile alama nyekundu, tableti iliziweka kwa kidole cha nani?" Mtoto akaficha mkono nyuma ya mgongo.

Basi mzee ameamua. Tableti irudi shule, Abiba atolewe kwa huyo mwalimu apelekwe shule nyingine, na yale mashindano ya hesabu ambayo alikuwa amechaguliwa asiende. Jirma amenyamaza, anasema baba ameshasema. Abiba amerudia kile kitabu cha magari mekundu. Zamani alikuwa analia kwa sauti mpaka majirani wanauliza, sasa analia kimya, na hiyo ndiyo imenishinda. Mwalimu anapeleka majina ya mashindano mwisho wa wiki ijayo. Shangazi, nimpinge baba mkwe wangu, mzee aliyenipokea kama binti yake, au nikae niangalie mtoto wangu akizimika kama taa? Nimekutumia na ile picha ya grafu ili ujue sikudanganyi, na uone mwenyewe vile nguzo yake imepita za wengine.

Ni mimi Mama Abiba, maziwa ya ngamia, Kiwanjani.

SHANGAZI SADIYA ANAJIBU

Waaleikum salaam, Mama Abiba.

Picha nimeifuta. Nimeiona mimi, na Njambi anayepokea barua zetu hapa ofisini ameiona, na ameniapia kwa Biblia yake kwamba aliona wachache tu. Mama, unaniomba nisikutaje jina, kisha unaniachia anwani ambayo hata mbuzi wa Kiwanjani ataifuata mpaka mlangoni. Unaniambia hutataja idadi, kisha unanitumia idadi yenyewe na dari yake. Tuanzie hapo, kwa sababu shida yako iko hapo.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kosa la tableti na sikulipata. Ilikaa kabatini muda wote huo haikumkosea mtu. Mwalimu ni mgeni, hakujua, na asiyejua huambiwa. Mtoto aliikumbuka mila kuliko wewe mtu mzima, akatafuta njia ya kupita pembeni yake bila kuikanyaga. Njia haikutosha, babu yake amemwonyesha pale ilipovuja, lakini aliitafuta kwa heshima, na hilo umwambie leo, kwa sababu naona kila mtu amemgombeza na hakuna aliyemwambia. Ile nguzo ilikaa ukutani kidogo ikazimwa. Aliyeitoa darasani akaizungusha mpaka kwa harusi iliyokwisha ni wewe. Abiba anaadhibiwa kwa vigelegele vyako.

Sikuchukii kwa hilo. Fahari ya mama ni maziwa motoni, unageuka kidogo tu yameshamwagika, na wewe wa maziwa wajua. Lakini aliyemwaga ndiye anayepanguza.

Wala usimpinge baba mkwe. Marehemu baba yangu naye alikuwa na "wachache" mpaka anazikwa, na sisi watoto wake tulikula vizuri kila siku. Mzee anayesema hivyo hadanganyi mtu. Anajikinga na majivuno yake mwenyewe, na anajikinga na wezi wa mifugo, ambao siku hizi nao wana simu. Wewe namba yako ya siri ya M-Pesa umeiweka kwenye status? Sidhani hata Jirma anaijua.

Sasa sikiliza. Leo hii toa sauti kwenye grupu la ukoo, useme kosa ni lako na waifute ile picha. Hawataifuta. Lakini mzee ataambiwa umesema. Halafu kaanga buna kwa samli, ile kahawa ya kuombea baraka ambayo mama yako alikufundisha, umpelekee kwa mikono yako miwili. Simu uiache nyumbani. Nimesema uiache nyumbani. Usianze na "mtoto ni mdogo," usianze na "mwalimu ni Mmeru." Anza na "Baba, ni mimi," kisha unyamaze, ingawa najua kunyamaza ndiyo kazi ngumu hapa kuliko zote. Habari ya Dahir na ngamia wa maziwa waachie wazee, ukoo ulikuwa unasaidiana kabla wewe hujajua bando ni nini. Na lile dume mwiteni daktari wa mifugo alitazame wayo. Jicho la tableti halichomi mwiba.

Mzee akishatulia, Jirma aamke. Mwambie nimesema hivyo. Mwana anaweza kumheshimu baba yake na bado akafungua mdomo kwa ajili ya binti yake. Awapeleke Abiba na Mwalimu Gerishon kwa mzee, na mwalimu asitaje kuku. Abiba akae chini karibu na babu, na asimuulize wangapi. Amuulize hivi: "Babu, katika kundi lako weupe ni sehemu gani? Wenye maziwa sasa hivi ni sehemu gani? Wenye mimba je?" Mzee atajibu bila kunyoosha kidole, atasema nusu, atasema robo, atasema kidogo zaidi ya robo, na utashangaa vile atakavyokosoana na mtoto kwa raha. Hayo Abiba ayachore kwenye tableti, na asichore nguzo. Achore duara, ile chati inayofanana na chapati iliyokatwa vipande. Mwalimu anaijua. Chapati ya mwenye ngamia kundi zima na chapati ya mwenye wanne zinalingana ukubwa. Inasema mgao, na jumla haisemi hata uifinye.

Kabla haijaonyeshwa popote, Abiba amwonyeshe babu kwanza na amwombe ruhusa. Akikubali, binti yako ana kitu cha kupeleka mashindanoni ambacho hakimo kwenye kitabu cha magari mekundu. Akikataa, achore mvua, achore maziwa yako ya soko, mradi abaki na mwalimu wake. Mzee aliyekasirikia grafu kwa sababu aliielewa hatashindwa kuelewa hilo.

Hiyo chapati, babu akiridhia, ndiyo utakayoiweka status, hata mwezi mzima, na grupu la harusi ya Anisa uwatumie pia, walishakuzoea. Na Dahir akipita tena kusalimia, akawa anageuza simu juu chini akitafuta jumla imejificha wapi, mpe chai yenye maziwa ya kutosha. Akikuuliza ni wangapi, wewe tazama chini, useme kama ulivyomsikia mzee akisema miaka yote.

Wachache tu, alhamdulillahi.