Dishi Nililokataa Kuligeuza

Somoe, mke wangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi. Hali yako naijua, maana niliingia kaburini mwenyewe pamoja na kaka zako wawili, tukakupokea, tukakulaza kwa ubavu wa kulia. Hali yangu ndiyo hujaiona. Ni mbaya.

Naandika kwa mkono wangu. Zainabu alitaka niseme yeye aandike. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, na katika darasa lile zima nilikuwa wa kwanza kumaliza kitabu. Wewe ulikuwa unasema ulimaliza kabla yangu. Lakini siku ile mwalimu alikuwa hajafika, kwa hiyo haihesabiki. Herufi zangu ni kubwa na daftari ni dogo, basi nitasema jambo moja tu. King'amuzi.

Kipo mezani ndani ya boksi lake. Zainabu alikileta kutoka Chuno tulipomaliza arobaini yako. Ni cha ile kampuni nyingine, ile uliyokuwa unaitaka. Fundi wa huko kwao amemwambia dishi letu la zamani linafaa, hakuna haja ya kununua jingine, ni kubadili kichwa chake na kuligeuza tu. Leo ni siku ya tisa boksi lipo hapo na mimi sijalifungua. Nalizunguka kama mtu aliyekuta nyoka ndani. Nakula nikiwa nimeligeuzia mgongo.

Zainabu ameniambia, "Baba, tuhame kampuni. Nyumba imekuwa kama ghala, mtu akiingia anasikia kandambili zake mwenyewe." Nikamjibu kuwa mimi nimeweka dishi hapa Ziwani wakati watu wanadhani ni ungo wa kuanikia muhogo, hakuna wa kunifundisha habari za dishi. Akasema sawa. Unamjua, akisema sawa anafanana na wewe.

Sasa nikueleze kwa nini siwezi, ingawa unajua nusu yake.

Unakumbuka baraza letu lilivyokuwa. Alasiri ikiingia, wanawake wanakuja na vibao vyao vya mbuzi, huyu anakuna nazi, yule anachambua kisamvu, wote macho kwenye tamthilia. Yule binti mpishi anayemtafuta mama yake mzazi. Wewe ulikuwa unagombana na televisheni. "Usimfungulie huyo mlango, mjinga wewe! Si ndiye aliyekuuza?" Watu wanacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nimewapa mgongo, natengeneza mpini wa jembe. Mpini mmoja niliutengeneza mwaka mzima, Somoe. Nilikuwa nasikiliza. Sijawahi kukwambia.

Halafu ile tamthilia ikahama. Kampuni yetu ikasema haina tena, imekwenda kwa wenzao. Wa kwanza kuifuata alikuwa Mfaume, jirani yetu, ambaye miaka yote ananifuata mimi kwa kila kitu, kuanzia mbegu za korosho mpaka bati. Mara hii akanitangulia. Hilo liliniuma. Nikatoka msikitini Ijumaa, watu wamejaa pale nje, nikasema kwa sauti, "Dishi langu mimi limeelekea kibla. La Mfaume limegeukia machweo kama mke aliyesusa." Watu walicheka sana. Hata imamu alicheka kwanza, ndipo akasema, "Mzee Ismaili, dishi halina dini." Nikamwambia kweli, shehe, lakini langu lina adabu.

Maneno hayo yalizunguka mpaka Naliendele. Nilifurahi. Sikujua nimejifunga kamba.

Maana wewe ulikuja kuniomba wiki ileile. "Baba Zai, tugeuze na sisi." Nitaligeuzaje, na nimekwisha sema mbele ya msikiti mzima? Nikakwambia mwanamume hahamihami. Ukasema sawa. Ukaanza kwenda kwa Mfaume na wenzako. Mimi nikakwambia mke wangu hawezi kukaa kwenye mkeka wa Mfaume kutazama televisheni wakati kwake ipo. Ukasema sawa tena. Ukaacha.

Baadaye miguu ikavimba. Hospitali wakasema ni moyo. Ulikuwa unalala sebuleni, miguu tumeipandisha juu ya gunia, televisheni mbele yako inaonyesha watu wanaofundisha kupika keki. Siku moja nimekuletea uji, ukausukuma. "Uji sitaki. Nataka kujua kama yule binti alimpata mama yake." Ulisema kwa utani, lakini macho hayakuwa ya utani. Nikasema nitaligeuza, ngoja nimalize kupuliza salfa. Mikorosho ikaisha kupulizwa. Nikasema ngoja tuokote kwanza. Hela ilikuwepo, ngazi ilikuwepo, na spana ilikuwa chini ya kitanda ulichokuwa umekihama. Kilichokosekana ni mimi kupita mbele ya Mfaume na dishi langu limeangalia machweo.

Ulikufa korosho zikiwa bado ghalani.

Msibani walikuja watani wetu, Wayao. Unajua haki yao, kumcheka maiti na kumcheka mfiwa, na mfiwa hakasiriki. Bi Esha, rafiki yako, alichukua kanga yako akajifunga, akajilaza kwenye mkeka, miguu akaiweka juu ya kinu. Mwenzake akavaa kofia yangu, akakaa amempa mgongo. Bi Esha akalia kwa sauti yako, yako kabisa, "Baba Zai, geuza dishi nione mwisho!" Yule mwingine akajibu, "Siligeuzi! Dishi langu limekwenda kuhiji, likirudi tutazungumza!"

Watu walianguka kwa kicheko. Hata waliotoka kuchimba kaburi, majembe mabegani, walicheka. Mimi pia nilicheka. Mtu hawezi kumkasirikia mtani, na mimi si mtu wa kuonekana nimeguswa. Nikatoa hela, ndiyo haki yao, ili wairudishe kanga. Lakini nilikuwa nawaza, kumbe ulimwambia Bi Esha. Kumbe mambo ya ndani mwetu yalikuwa yanakukereketa mpaka ukayatoa nje. Na wewe hukuwa mtu wa kutoa mambo nje.

Tangu siku ile hakuna anayekuja barazani. Wanawake wote wapo kwa Mfaume. Siwalaumu, hata mimi nisingekuja kujitazama. Kuku wanalala kwenye mkeka wako.

Nilikwenda kwa Mfaume, Somoe. Juzi. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama, kweli ni mimi. Nilitaka kuupata ule mwisho, angalau niwe nao. Nilidhani nikiujua nitaweza kuja kukusimulia pale makaburini na deni litapungua. Nikafika, Mfaume akasimama. "Mzee wa kibla! Leo jua limetokea wapi?" Nikamwambia aache ujinga, nimekuja kuuliza habari ya tamthilia. Hakucheka tena. Akaniwekea kiti.

Iliisha zamani. Ilikwisha ukiwa bado hai, kabla hata hujakataa uji. Nikawauliza wanawake imeishaje. Mmoja akasema alimpata mama yake wakakumbatiana. Mwingine akasema wewe unachanganya, hiyo ni ile nyingine ya yule kipofu, huyu mama yake alikuwa amekwisha kufa. Mke wa Mfaume akasema hakufa, alijificha. Wakaanza kubishana, sauti juu, wakanisahau. Mambo uliyoyatamani yote yale, na walioyaona hawayakumbuki.

Wakati natoka, mke wa Mfaume akanisindikiza mpaka kwenye mbibo, ule mkorosho wa mpakani. Akasema, "Shemeji, alikuja tena mara moja, baada ya kukatazwa. Alituapisha tusiseme." Nikauliza nani. Sijui kwa nini niliuliza.

Ulikwenda na miguu ile. Mimi nikiwa shambani. Akasema ulipumzika njiani mara tatu, ukakaa karibu na mlango, ukatazama kidogo, na ya siku hiyo ilipokuwa bado haijaisha ukainuka. Wakakuzuia. Ukawaambia, "Mume wangu anakaribia kurudi, nataka anikute." Nakumbuka siku yenyewe, nadhani. Nilirudi nikakukuta unahema, nikakuuliza unahema nini na umelala kutwa nzima. Ukasema joto.

Hapa niliacha kuandika. Zilikuwa siku tatu.

Leo Alhamisi. Zainabu amekuja tena. Aliangalia boksi, akaniangalia mimi, akaanza kufagia. Nikamwambia alete ngazi. Kubaki na kampuni ya zamani hakunisaidii kitu, kila nikiwasha namwona yule mpika keki. Kuhama nako ni kukubali mbele ya watu wote kwamba inawezekana, na kama inawezekana leo, iliwezekana wakati ule. Nimezunguka baina ya hayo mawili siku zote hizi na hakuna njia inayotoka nje. Nikaona bora nihame, nipate aibu nzima badala ya nusu.

Zainabu alitaka kumpigia simu fundi. Nikamwambia fundi wa nini. Aliyelisimamisha dishi hili mara ya kwanza ni nani? Nikainjika sufuria kubwa la chai juu ya kuni, ili tukimaliza tunywe, maana nilijua kazi itachukua mchana wote. Nikapanda. Nikalegeza nati, zilikuwa na kutu lakini mkono wangu bado ni mkono. Nikabadili kichwa, nikaligeuza taratibu kuelekea machweo. Zainabu yupo dirishani anatazama kioo cha televisheni, anapaza sauti, "Bado, Baba. Bado. Umepitiliza, rudi kidogo. Hapo! Hapohapo usiguse!" Nikakaza. Nikateremka. Picha ilikuwa safi, hata wale mafundi wa mjini wasingeipata vile.

Nikaenda jikoni kutazama chai. Maji yalikuwa hayajachemka.

Nilichochea kuni nikangoja. Somoe, yalikuwa hayajaanza hata kuimba. Nilikuwa nimejiandalia maneno, kwamba ilikuwa kazi ngumu, kwamba peke yangu na mikorosho ile yote nisingeiweza, na maneno hayo yote nilikuwa nimeyaweka tayari ya kukuambia. Sina la kukuambia sasa. Nilikukatalia jambo lisilofika hata chai kuchemka.

Zainabu aliniita nikatazame. Nikasema moshi umeniingia machoni, nakuja. Mfaume alipita barabarani na baiskeli, akaliona dishi, akasimama. Nilingoja aseme. Aliinua mkono tu akaendelea na safari yake. Afadhali angenicheka.

Sasa king'amuzi kinaongea sebuleni peke yake. Zainabu ameondoka kuwahi gari la Chuno. Wanawake labda watarudi, labda hawatarudi, kwa Mfaume wamekwisha zoea. Wakirudi nitawatandikia mkeka na nitakaa nimewatazama, siwapi mgongo. Lakini haitakuwa baraza lako, na mimi nalijua hilo, usidhani silijui.

Sikuombi radhi kwa barua. Radhi huombwa mtu akiwa anaweza kukataa. Kuahidi mambo makubwa pia siwezi, najijua, umri wangu si wa kugeuka. Nakuahidi hili moja tu. Binti yako akiniomba jambo, nitamjibu siku hiyohiyo, ndiyo au hapana, na sitamwambia ngoja. Nikishindwa hilo, basi nimeshindwa na hilo pia, na wewe hutakuwepo kuniambia sawa.

Daftari limefika mwisho. Barua hii sitaichoma wala sitaizika, nitaiweka chini ya godoro upande wako, ambako silali.

Lala, Somoe. Mungu akupumzishe miguu.

Mimi mumeo,
Ismaili