Kuachia Mwamba

Jumatatu, 4 Machi 1957
Machimboni Ruiru tangu asubuhi, kama kawaida. Baruti ikishalipuka, kazi yangu ni kushuka kwa kamba na kung'oa mawe yaliyolegea. Leo tena nimeng'ang'ania mwamba kama kupe. Mtaimbo unataka mikono miwili, na mmoja wangu haukubali kuachia jiwe. Ni hivyo tangu nilipoteleza mwezi jana. Kamba ilinidaka, sikuumia. Lakini mwili hausikii.

Nyapara amenipa hadi Jumamosi. Nikishindwa, kazi hakuna, chumba cha kampuni hakuna. Mke wangu Wakesho anakuja kutoka Taita baada ya mavuno. Atakuja kukaa wapi?

Jumatano, 6 Machi
Nimefanya ujinga. Mshika kamba wangu ni Musyoka. Hapa mshika kamba ndiye anayefunga fundo, anayeshuka haligusi. Leo nimefungua fundo lake nikafunga langu, mbele ya watu wote. Jioni amenipita bombani kama hanijui.

Na fundo langu halikusaidia. Niliogopa vilevile.

Alhamisi, 7 Machi
Wenzangu wanaongea Kikikuyu na Kikamba, wanacheka. Mtaita ni mimi tu. Nimekula ugali na chumvi. Sikuwa na hamu ya kwenda dukani. Najihurumia, bure kabisa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwendea Musyoka kabla ya kazi. "Ndugu yangu, nilikukosea. Nifunge wewe." Akafunga. Sikuangalia. Nimeshuka kidogo tu, nikapiga kelele, "Naachia!"

"Achia, bwana!"

Nikaachia mikono yote. Miguu pia. Mama yangu! Kamba ikakaza, nikaning'inia, nikagonga bega. Nikalia, na sioni aibu. Nikapanda, nikaachia tena, na tena. Mwishowe mikono ikatulia yenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Mtaimbo kwa mikono miwili, siku nzima. Mawe yameporomoka vizuri. Nyapara ametazama, akaenda zake. Chumba ninacho. Wengine wameenda Thika kutembea. Nilitaka sana kumwambia mtu. Nimefunga mlango, nikalala mapema.

Jumapili, 10 Machi
Nimetoka kanisani nikamkuta Musyoka mlangoni kwangu na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe. Tumekula. Nikamuuliza mbona alininunia vile. Akasema hakununa. Tangu siku ile nilipoteleza, kila akilala anaota mikono yake imeachia kamba. Nilipofungua fundo lake, alidhani nimejua kwamba naye anaogopa.

Nikamwongezea chai.