Kanzu Nyeupe kwenye Ngome ya Mlimani

Xiaobei, Guangzhou
Ijumaa, baada ya alasiri

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Nakuamkia kwa heshima zote, na mkono wako naubusu kutoka huku niliko, japo najua utasema busu la karatasi halina ladha. Vipi hali yako? Miguu bado inavimba? Unakula, au unaonja tu ili watu wakuache? Zuwena, dada yangu, wewe ndiye msomaji, basi msomee Mama polepole na usiruke pahala, hata pale utakapoona mwandiko umeharibika. Nakujua wewe.

Mie mzima, alhamdulillahi. Ila nimechoka, Mama. Huu ni msimu ambao kuta za mji huu zinatoa jasho, nguo ukianika leo kesho kutwa bado mbichi, na godoro linanuka kama kikapu cha dagaa. Chumba chetu kiko ghorofa ya juu kabisa na lifti hakuna. Alfajiri mie na Salum, mwenzangu wa Dar es Salaam ninayekaa naye, tunakuwa soko la Shahe kwenye nguo za bei rahisi. Mchana tuko kwenye maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu tunakagua mashati kola kwa kola, maana ukigeuza uso tu unafungiwa yenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Jioni tunafunga marobota. Nikilala naota nafunga marobota, kwa hiyo hata usingizi wenyewe naufanyia kazi.

Siku ile Kaka Masoud aliponipigia simu kwenye ofisi ya wakala wa mizigo, alisema mambo matatu kwa mpigo, maana simu inakula hela. Baba ametangulia mbele ya haki. Tumeshamzika. Mama kasema usije, maliza shughuli zako. Nikajibu, "Haya, Kaka," na simu ikakatika. Watu wa ofisini walikuwa wanapima mizigo, wakaniuliza yangu ni marobota mangapi, nikawatajia.

Tokea hapo sikumwambia mtu. Hata Salum, tunayelala chumba kimoja, hakujua. Ijumaa nikienda msikiti ule wa karibu na stesheni ya treni nilikuwa namwombea Baba peke yangu kimyakimya, kisha narudi kwenye mashati. Niliona haya, Mama. Mtu kafiwa na baba yake, ataonekanaje kasimama sokoni anabishania vifungo? Asiyekuwepo na lake halipo, nami sikuwepo, nikaona hata kilio si haki yangu.

Sasa nikupe habari yenyewe iliyonifanya nishike kalamu. Mwanamke ninayenunua kwake mashati ni wa ukoo wa Luo, na sisi sote tunamwita laoban, maana yake bosi. Ni mkali wa bei, mtoto wa sokoni hasa, lakini ana roho nzuri. Aliniona nimesawijika, akaniambia bibi yake mzaa baba anatimiza miaka themanini huko kwao milimani, nifuatane naye nikavute hewa.

"Kwetu kuna ngome," akasema. "Kongwe sana. Hujapata kuona."

Nikamwambia kwetu Unguja pia iko, na kila mgeni anapelekwa kuiona.

"Ya kwenu ina watu wanaoishi ndani?"

Hapo nikamuuliza treni inaondoka saa ngapi.

Tulipanda treni asubuhi kuelekea kaskazini, kisha basi lililokuwa likipanda na kukohoa mpaka nikawa nalionea huruma. Mji wenyewe mdogo, uko katikati ya milima yenye ukungu, njia zake za mawe, mapaa ya vigae vyeusi, na mbele ya kila nyumba wameanika uyoga kwenye ungo kama sisi tunavyoanika karafuu. Baridi yake inaingia kwenye mifupa. Ngome inaonekana tokea stendi ya basi. Imejengwa kwa mawe ya mtoni, ina minara kwenye pembe zake, na matundu membamba ya kutolea bunduki. Mlango ni mmoja tu, umevishwa chuma. Kina Luo waliijenga zamani za majambazi, kila familia na chumba chake, kisima katikati.

Najua Zuwena keshataka kujua nilivaa nini. Nilivaa kanzu. Ile nyeupe ya Idd, pamoja na kofia uliyonishonea mwenyewe, Mama, ile uliyonipima kichwa kwa uzi mara tatu mpaka nikakusihi basi. Nilifikiri, mtu mzima anasherehekewa, mie nitokee na suruali ya sokoni? Luo alitangulia na keki, nami nikabadilisha kwenye choo cha stendi, nikajipaka na udi wa mafuta kidogo, nikashuka kwenye njia ya mawe nikijiona bwana harusi.

Nilipoingia mlangoni, mazungumzo yalikatika. Ua mzima ulikuwa mwekundu, karatasi nyekundu, taa nyekundu, watoto na fulana nyekundu, na mie katikati yao mweupe pee. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Mwanamme mmoja wa makamo akanyoosha mkono kunizuia, si kwa ubaya, lakini alinizuia. Luo akaja mbio, uso umemshuka.

"Hii nguo ya kufiwa," akanambia. "Kwetu nyeupe ni ya msiba. Nani kakwambia uvae hivi leo?"

Mama, nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kurudi kinyumenyume. Basi kikongwe mwenyewe, aliyekuwa kakaa kwenye kiti chake na koti jekundu, akitafuna mbegu za tikiti na kutema maganda popote, akauliza jambo kwa sauti. Watu wote wakanitazama. Luo hakutaka kutafsiri.

"Kasema nini?"

"Anauliza nani amekufa."

Jibu nilikuwa nalo. "Mei you," yaani hakuna, ndilo neno la kwanza tunalojifunza hapa, maana ndilo tunalojibiwa kutwa. Nikafungua mdomo kulisema, na kilichotoka ni kingine kabisa. Nikasema, "Babangu."

Luo akasahau kazi yake ya kutafsiri. "Lini?"

"Mwezi wa pili sasa."

"Na kila siku unakuja dukani kwangu kubishana bei?"

"Kila siku."

Akamgeukia bibi yake, akamwambia. Wazee wakaanza kunong'onezana, kwa sababu kwao mwenye msiba haingii kwenye shangwe. Kikongwe akawakatiza. Luo aliniambia baadaye kwamba alisema yeye umri wa kuogopa msiba umeshampita, na ni chakula chake, ataamua nani ale. Akaagiza kitambaa chekundu, binti mmoja akanibandika kifuani kwa pini, nikakalishwa ubavuni kwake. Na nguruwe hawakunipa, usiwe na wasiwasi. Luo alikuwa keshawaonya, wakaninunulia sufuria mpya, kibandiko cha bei bado kiko ubavuni, wakanipikia mayai na samaki wa mtoni.

Baada ya kula Luo akanipandisha mnarani. Ngazi za mbao, giza, harufu ya moshi wa miaka mingi. Nikaweka mkono ukutani, na kabla sijajua nafanya nini nikaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ndivyo alivyokuwa akifanya Baba. Unakumbuka hakuweza kuingia nyumba ya mtu pasi na kugonga kuta zake? Hata siku ya posa ya Zuwena aligonga ukuta wa wakwe mbele ya wakwe, akawaambia chokaa yao imekufa. Miaka yote ile ya kukarabati majumba ya Mji Mkongwe, kuta alikuwa akizijua kuliko wenye nyumba.

Luo akacheka, akasema ukuta huu hauvunjiki, babu zake chokaa waliichanganya na uji wa mchele na sukari.

Uji wa mchele, Mama. Ndani ya chokaa. Nikasema moyoni, hii habari lazima nimpelekee Baba. Nikamsikia kabisa anavyojibu: "Waongo hao, uji wauweke ukutani wao wale nini?" Kisha angekaa siku mbili hasemi, na siku ya tatu ningemkuta uani na bakuli anajaribu. Ndipo nilipofahamu kuwa sina pa kuipeleka habari ile. Nililia pale ngazini, nimeegemea ukuta wa watu, nikalia mpaka kanzu ikalowa. Luo alisimama kwenye tundu la bunduki akijifanya anatazama barabara. Zuwena, hapa ndipo mwandiko ulipoharibika. Soma hivyohivyo.

Tuliposhuka, kikongwe akanitazama macho. Aliivua kofia kichwani mwangu bila kuomba ruhusa, akaisogeza karibu na jicho, akawa anapitisha ukucha kwenye vile vitobo vidogo vidogo, kimoja baada ya kimoja.

"Nani kashona?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba uko edani, kwamba kwetu mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Alilipenda jambo hilo, akatikisa kichwa muda mrefu.

"Na mtoto wake yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Wewe uko hapa. Unafanya nini hapa?"

Nikasema, "Mama kasema nisije."

Kikongwe akatema ganda la mbegu. "Na mimi nilimwambia wangu asije. Baba yake alipokufa. Yuko Malaysia tokea mdogo, kaondoka kwa njia ile pale. Nikamwandikisha barua, nikamwambia safari ndefu, kaa na watoto wako." Akatafuna kidogo. "Mpumbavu akanisikiliza."

Luo alitafsiri akiwa kainamisha uso, kwa sababu huyo anayesemwa ni ami yake. Nikauliza kama alikuja baadaye. Kikongwe akanionyesha kwa kidevu makopo ya biskuti yaliyopangwa juu ya kabati, mazuri, yana picha za maua. Ndiyo yanayokuja kila mwaka, mwenyewe haji. Sasa anatilia vifungo na nyuzi.

Mama, ulimtuma Kaka Masoud aseme nisije, nami nikakuitikia haya, mtoto mwema. Njia nzima ya kurudi Guangzhou nilikuwa najiuliza ulilisema vipi neno lile. Ulilisema umekaa, au ulikuwa umesimama mlangoni? Uliniambia nisije, au uliniambia nisipate tabu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini na mwana naye ana wake. Sitaki kuwa mtu wa makopo ya biskuti.

Kwa hiyo sikuulizi, nakuarifu. Nafasi ya ndege nimeshaishika, napitia Dubai, wiki ijayo inshallah niko njiani, na nitakukuta bado uko ndani. Barua hii inatangulia na mama mmoja mfanyabiashara anayeondoka kesho. Mashati atayafunga Salum. Nilimweleza yote, akalia yeye kuliko mie, kisha akanigombeza kwa kumficha mpaka jirani akagonga ukuta. Luo kanionya kuwa nikiukosa msimu huu nitakuta mwengine keshashika nafasi yangu kwake. Na aishike. Nimechoka kiasi cha kutojali, na mchoko huu, Mama, sidhani kama ni wa marobota.

Ukitaka kumtuma Kaka anikataze tena, asihangaike, simu ya wakala siendi kuipokea. Nikifika nitakuangukia wewe kwanza, kisha Kaka anipeleke kaburini nikampe Baba habari ya uji wa mchele. Akibisha, shauri yake.

Nisalimie Kaka Masoud, mwambie sina kinyongo, alisema alichotumwa. Nisalimie mume wa Zuwena na watoto. Msalimie Shangazi anayelala nawe siku hizi, na asikuachie chai bila ya kitafunio. Na yule fundi mwenzake Baba, aliyekuwa akimchanganyia chokaa, mwambieni namtaka tukae kitako, nina la kumuuliza.

Jambo la mwisho. Kofia sinayo. Kikongwe aliivaa kichwani mwake siku ile ya sherehe yake, wajukuu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na wakati wa kuaga ikawa bado iko kichwani. Luo akanikonyeza, nikaiacha. Basi naja kichwa wazi. Toa kitambaa na nyuzi, Mama, uweke karibu na mkeka wako, lakini usianze. Kipimo usikikisie. Kichwa naja nacho mwenyewe.

Mwanao,
Khamis