Tulizika Shati Lako

Mpendwa Yaya, kaka yangu mkubwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri: siku tulipozika shati lako, nilikuwa najua uko hai.

Rafiki uliyetoka naye Brazili alikuwa amempigia tonton, mjomba wetu, simu, akasema mto wa kule msituni, mnakopita kwenda Amerika, umekubeba. Uwanja ukajaa viti. Wamama wa Lubunga, ng'ambo ya mto, walivuka na pirogi, mitumbwi yao, wakalia siku tatu. Mwili haukuwapo, na wazee walisema lazima kitu kiingie kaburini, basi mama akanituma nipige pasi shati lako la shule. Nilikuwa nyuma ya nyumba na pasi ya makaa wakati simu ilipotikisika mfukoni.

"Leki, mudogo wangu, niko muzima. Niko Tapachula, mupakani, Mexico. Usiambie mama. Nitamupigia siku nitavuka."

Yaya, nilimaliza kola. Nikalikunja shati. Nikampa mama.

Tangu hapo unaniandikia mimi peke yangu. Kwamba mnalala tisa chumba kimoja, kwa zamu. Kwamba alfajiri mnapanga foleni kwa ofisi ya karatasi za kupita, na saa sita mnaambiwa rudini wiki ijayo. Kwamba umepata mashine ya kunyoa, unanyoa watu kwenye bustani ya mji, na Wahaiti wanakuita daktari wa vichwa. Unaniandikia hayo ili nicheke. Mama naye alinyolewa, Yaya. Tantine, mke wa tonton, alimnyoa kwa wembe, kwa ajili yako.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponivusha kwenda Lubunga? Maji yalikuwa yanaingia ndani ya pirogi, yanafika miguuni mwangu, na mimi, kama kawaida, sikusema kitu. Ulinishika mkono: "Ukiogopa, sema. Mutu asikufe juu ya kuona haya."

Na wewe je? Ati uliahidi utampigia mama ukiwa Amerika tu, si kabla. Bon. Kwa hiyo alie kwanza, ili wewe usione haya? Miezi saba unaandika "karatasi iko karibu". Juzi ulipoiandika tena, nilitaka kutupa simu mtoni. Umenifanya mlinzi wa kaburi la shati.

Mama hali vizuri. Anapika lituma, ndizi za kuponda, anatupakulia, halafu anakaa kutuangalia. Jumamosi tunaondoa matanga, tonton atagawa vitu vyako. Mama amekwisha kuvikunja vyote. Jana aliniita kando, akaniambia polepole, "Chagua kitu moja ya yaya yako, ya kumukumbuka." Nilisimama pale mbele ya suruali zako, sikuweza kunyoosha mkono.

Nakupenda, na nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Barua hii nitaipiga picha nikutumie, lakini hutakuwa wa kwanza kuisoma. Nasikia ndala za mama zinakuja. Siku zote nikisikia hatua hizo naingiza karatasi ndani ya daftari la Kifaransa. Leo naiacha mezani, maandishi juu.

Kaa salama huko. Usizime simu, Yaya. Atakupigia.

Mdogo wako